Vanila Isiyo Kwenye Orodha

Tarehe 9 Mei

Mwanangu Keki,

Marahaba, maana najua ukifungua karatasi hii utaniamkia hata kama hakuna anayekusikia. Mimi mzima. Goti la kushoto lina mambo yake, la kulia linaliiga, lakini bado natembea mpaka bandani na kurudi. Na wewe je, unalala? Unakula kitu cha moto? Huko baridi inaingia masikioni, funga kitambaa, usione haya.

Anayeandika ni fundi cherehani. Ameacha suruali ya mtu katikati ya mshono ili aniandikie, na mwenye suruali yuko hapa kwenye benchi amejifunga shuka, anasikiliza kila neno. Kwa hiyo leo siri za ukoo hazimo. Nimemwambia fundi aandike ninavyosema, asininyooshe, mimi siyo kitambaa. Ameuliza kwa nini mtu mzima wa serikali anaitwa Keki. Nimemwambia mtoto huyu nimemlea mimi baada ya kaka yangu kufariki, alikuwa analala juu ya blanketi tunazofunikia vanila kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja, akienda shule wenzake wananusa nywele zake wanasema keki hiyo inakuja. Ulilia wiki nzima, halafu ukazoea, halafu ukawa unadai uitwe hivyo.

Simu usinipigie, nimekataa. Ukisema kwenye simu maneno yanapeperuka, mimi nabaki na sikio limepata moto. Karatasi naiweka chini ya godoro.

Sasa sikiliza. Redio imesema ujumbe wa visiwa vyetu umekwenda kuzungumza na nchi tajiri habari za mkataba wa biashara, na wamo wataalamu kumi na wawili. Majina hawakutaja, lakini nilijua umo, maana mtaalamu ninayemfahamu ni wewe peke yako. Nikafurahi. Nikawatangazia bandani. Mapengo akapiga kigelegele, na unajua kigelegele cha mtu asiye na meno ya mbele, upepo mwingi.

Juzi kaja Bwana Sampuli. Unamkumbuka, yule mnunuzi, tangu alipokuwa na nywele anakuja na mkoba, anachomoa ganda moja la vanila, ananusa, anasema nachukua hili la sampuli. Sampuli zake zote zingerudishwa tungejaza kitanda. Safari hii hakunusa. Alisimama mlangoni na viatu vyake akasema, "Mama, msimu huu nanunua mbichi tu."

Nikamwambia, "Mbichi ya nini? Mbichi inanuka majani, labda mbuzi ndiye ataipenda."

Akasema ndivyo mkataba mpya utakavyokuwa. Vanila mbichi itaingia kwao bila ushuru. Iliyokaushwa itatozwa ushuru mkubwa, hata yeye haitamfaa kuinunua. Nikamuuliza, nani ataikausha? Akasema wana mashine kubwa huko. Nikamuuliza, na sisi? Akasema, "Mama, nyinyi mtapumzika."

Mimi mtu akiniambia nitapumzika naangalia kwanza kama ameshika sanda.

Keki, wewe unaijua kazi hii. Kila ua tumeliozesha kwa mkono, asubuhi, kwa mwiba, moja moja, kama wasimamizi wa harusi. Miezi tisa tunalinda maganda. Tukivuna, maji ya moto, halafu blanketi litoke jasho, halafu jua, kila siku unatoa, kila siku unarudisha, unalipapasa kila ganda, mpaka uweze kulizungusha kwenye kidole lisipasuke. Hapo ndipo harufu inakuja. Harufu hiyo haikai kwenye ganda ikisubiri mashine, sisi ndio tunaileta. Wanawake arobaini na mmoja. Sasa tuuze majani, harufu wakaitengeneze wao?

Nijibu neno moja tu. Hilo jambo lipo, au Bwana Sampuli anatutisha ili ashushe bei? Na kama lipo, wewe uliyemo chumbani humo unasema nini?

Mwenye suruali anasema umsalimie, ingawa hamjuani.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa wote wa bandani, Mapengo akiwa wa kwanza. Mimi mzima wa mwili. Kitambaa nafunga. Chakula cha moto kipo, usingizi ndio mchache kwa sababu vikao ni virefu, na nikilala naota meza.

Jambo lipo. Bwana Sampuli hajadanganya.

Nitakueleza kama nilivyolielewa. Nchi hizi zinasema zitafungua milango kwa bidhaa zetu, nasi tufungue yetu kwa bidhaa zao. Lakini mlango wanaoufungua wazi kabisa ni wa vitu vibichi. Kitu kikishafanyiwa kazi kwetu, ushuru unapanda, kwa sababu kazi hiyo wanataka ibaki kwenye viwanda vyao. Wenzetu wa visiwa vingine wamepiga kelele sana. Mwishowe imekubaliwa iwepo orodha. Kila nchi iandike kazi za mikono na viwanda ambavyo tayari inavyo, na bidhaa za kazi hizo zitaingia bila ushuru sawa na vitu vibichi. Orodha inafungwa tarehe 30 Juni. Kilichomo kimepona. Kisichokuwemo kitasubiri miaka kumi.

Vanila iliyokaushwa haimo kwenye orodha yetu.

Shangazi, haimo kwa sababu wanaangalia kitabu cha takwimu cha serikali yetu wenyewe, na kitabu kinasema hivi: ukaushaji wa vanila visiwani, hakuna. Wafanyakazi, sifuri. Niliona ukurasa huo kwa macho yangu. Wanaofanya kazi hiyo, yaani nyinyi, mmeandikwa mama wa nyumbani, wote.

Nikuulize na mimi neno moja. Watu wa sensa walipokuja kuwahesabu, mlijibu nini?

Nakuomba usiwapandishe wenzako hasira bado. Mkubwa wangu hapendi mambo ya ndani ya chumba yajulikane nje, na mimi kwenye meza hii ni wa kiti cha nyuma.

Mwanao

*

Tarehe 18 Juni

Mwanangu Keki,

U mzima? Mimi nimechomwa na jua uso wote nimekuwa kama sufuria, lakini mzima, tena goti limepona lenyewe, nadhani lilikuwa linataka safari. Fundi yuko hapa, leo hana mteja, kwa hiyo nitasema mpaka nichoke.

Barua yako alinisomea mara mbili. Alipofika pale pa "mlijibu nini" nikacheka mpaka akadhani nimepaliwa.

Alikuja dada mmoja na ubao wa kuandikia, miaka minne iliyopita. Mtoto mzuri, ana adabu, anatoka jasho. Akanikuta mikono imo majini mpaka viwiko, ninachovya maganda. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Kazi gani, mwanangu, sisi tupo tu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Na maganda yanaelea mbele yake.

Tulikuwa tumekubaliana. Tulisema hawa wakijua tunapata kitu watakuja na kodi. Na tena, ile ya kusema nina kazi, nina kazi, inakaa vibaya mdomoni mwa mwanamke wa umri wangu, utadhani najitangazia ndoa. Wote arobaini na mmoja tukasema tupo tu. Mapengo peke yake akaongeza kitu, akasema anamsaidia mume wake, na mume wake tulimzika wakati wewe unaota jino la pili. Yule dada akaandika, akashukuru, akanywa maji akaondoka. Basi tukajiona wajanja. Tumejificha vizuri mpaka tumepotea.

Unaniambia nisiwapandishe hasira. Sikuwapandisha. Niliwaeleza tu, wakapanda wenyewe.

Tukaenda ofisi ya takwimu mjini. Tulikwenda na magari mawili ya mizigo, na maganda ya kwanza ya msimu, yale tuliyochovya Jumamosi, yakiwa ndani ya blanketi zao, maana siku ya pili huwezi kuyaacha, yatapoa yaharibike. Hatukuyabeba kwa ubishi, kusema kweli. Ubishi ulikuja baadaye.

Dirishani alikaa karani ana miwani kichwani na nyingine machoni. Nikamwambia, "Mwanangu, tumekuja kuhesabiwa."

Akasema, "Mlishahesabiwa, mama."

"Tulihesabiwa vibaya."

"Nani aliwahesabu vibaya?"

"Sisi wenyewe. Tulisema uongo."

Akanitazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufika dirishani pale akasema hivyo. Akasema hesabu nyingine ni baada ya miaka sita, nirudi wakati huo. Nikamwambia baada ya miaka sita mimi utanikuta kwenye kitabu kingine. Akasema yeye hana fomu. Mapengo akamwambia, "Tunakupa fomu sasa hivi," akageuka, akatandaza blanketi uani.

Keki, ua wa ofisi ile una sakafu ya saruji pana, nyeupe, jua linapiga juu na chini. Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo pa kuanikia. Tukatandaza. Arobaini na mmoja, kila mmoja na blanketi lake, tukaacha kinjia katikati ili wakubwa wapite na viatu vyao. Mlinzi akaja kutufukuza. Nikamuuliza, "Sheria gani inakataza mama wa nyumbani kuanika uani?" Akaenda kuuliza. Hakurudi na jibu.

Siku ya kwanza wakatupuuza. Siku ya pili harufu ikaanza kuamka. Unajua inavyokuja, kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha hodi. Ikaingia madirishani, ikaingia kwenye mafaili. Wafanyakazi wakawa wanatoka kwa visingizio. Yule karani wa miwani miwili akaja kuuliza kama ni kweli ukiweka ganda moja kwenye mkoba linakaa mwaka. Nikamwambia linakaa miaka mitatu, lakini sisi hatuna kazi, sisi tupo tu, kwa hiyo hili unaloliona halipo. Akarudi ndani amejiinamia.

Siku ya tatu akashuka bosi wao mwenyewe. Mtu mzima, mpole, anatembea kwenye kile kinjia utadhani anakanyaga mayai. Akauliza, "Mnataka nini hasa, mama zangu?" Nikamwambia, "Uhesabu unachokiona. Kisichoonekana usikihesabu." Halafu akaagiza meza.

Wakatuhesabu, mmoja mmoja. Kazi: kukausha vanila. Muda: mimi miaka hamsini na mbili. Akatuuliza tunakausha kiasi gani kwa msimu, tukamtajia kweli yote, hata kile tunachomficha Bwana Sampuli. Mapengo akahesabiwa bila mume. Kisha bosi akagonga muhuri, akasema hii ni hesabu ya dharura, na amewahi kuisoma tu kwenye sheria, hajawahi kuifanya.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomo ndani ya bahasha hii, yenye muhuri. Picha yake fundi ameituma kwenye simu yako, basi, asijepotea mtu wa posta. Leo ni tarehe 18. Una siku kumi na mbili. Kiti cha nyuma nacho ni kiti, kina mtu juu yake, na mtu ana mdomo.

Shangazi yako

*

Tarehe 27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Hii ni fupi, nimetoka kikaoni na narudi kikaoni.

Picha ya karatasi nimeipata. Nimefunga mlango nikacheka, kisha nikakaa chini sakafuni.

Kuna jambo sikukwambia. Nilipokuandikia kwamba kitabu kinasema hakuna, nilisema kana kwamba kitabu kilijiandika. Ripoti iliyoletwa kwenye meza hii, ile waliyoisoma wenzetu wa upande wa pili, niliiandika mimi. Nilifika kwenye mstari wa vanila, nikaona sifuri, nikajua si kweli. Nilijua zaidi ya mtu yeyote katika jengo lile. Karo yangu, viatu vyangu vya shule, vyote vilitoka bandani. Lakini mtaalamu haandiki anachokijua kwa pua, anaandika kilicho kitabuni. Nikanakili sifuri. Nyinyi mlisema mpo tu kwa kuogopa kodi. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kuonekana mtoto wa shangazi yangu.

Kesho naiweka karatasi mezani. Mkubwa ameshaniambia tusiwaudhi watu hawa dakika za mwisho, tuna mambo ya meli na uvuvi tunayoyataka kwao. Nitaiweka hata hivyo.

Mwanao

*

Tarehe 25 Julai

Keki,

Salamu nyingi. Afya yangu ni ya mtu aliyekasirika, yaani nzuri.

Mwezi mzima huna barua. Fundi kila siku ananiambia posta, posta. Posta haina kosa. Redio imesema mkataba umesainiwa tarehe 5, wakapeana mikono, wakapiga makofi. Nikangoja waseme orodha. Wakasema sukari, wakasema kamba za katani, wakasema vikapu. Vikapu, Keki. Vikapu vimo. Nikangoja mpaka wakafika kwenye mpira wa miguu. Vanila haikutajwa.

Kesho yake asubuhi Bwana Sampuli alikuwa nje ya banda na mzani mpya, na kibao kimeandikwa, wakanisomea: mbichi tu. Anatabasamu. Akasema, "Mama, mlango umefunguliwa bila ushuru, leteni."

Sasa nikueleze tulichofanya, maana hukuwepo, na sijui uko wapi.

Tulikaa bandani, wote. Wengine walisema tuuze tu, tutafanya nini, wakubwa wameshasaini. Wengine walilia. Mimi nikasema hivi. Ganda bichi lina siku ngapi? Wakasema siku tano, sita, linaoza. Ganda lililokaushwa vizuri, ndani ya sanduku, lina miaka mingapi? Wakasema mingi. Nikasema basi anayetuomba mbichi ndiye mwenye haraka. Tukimpa mbichi, kila msimu atatushika hapa shingoni, maana tutakuwa tunakimbizana na kuoza. Tukikausha, hatuna haraka na mtu. Mkataba umesema mlango wa mbichi uko wazi. Haukusema lazima tupite.

Tukakubaliana. Hakuna hata ganda moja bichi litakalofika kwenye mzani. Yote yanaingia majini, yanaingia kwenye blanketi, yanaingia kwenye masanduku. Hakuna pesa ya msimu huu, tumeambizana wazi, tutakula tulichopanda na tutakopeshana chumvi. Wanaume walinung'unika. Tukawaambia wao nao wanaweza kwenda ofisini kuhesabiwa.

Siku ya kwanza mzani ulikaa mtupu. Siku ya pili Bwana Sampuli akapandisha bei. Siku ya tatu akapandisha tena, akaanza kutuita mama zangu wapenzi. Siku ya nne Mapengo akamuuzia vikapu viwili vya mbichi.

Nilimwona kwa macho. Nikamgeuzia mgongo barabarani, mimi na Mapengo, tuliokula sahani moja miaka arobaini. Siku sita sikumjibu salamu. Siku ya saba binti yake akaja kunieleza. Dawa za shinikizo la damu zilikwisha tangu mwanzoni mwa mwezi, Mapengo alikuwa anaanguka jikoni anatuficha. Alikuwa na aibu kutuambia kwa sababu ndiye aliyetandaza blanketi la kwanza pale uani. Nikaenda kwake. Nikamwambia wewe mjinga, ungesema. Akaniambia, "Ningesema mngechanga, mkichanga mngeuza." Tumechanga, na hatukuuza, tumetoa mbuzi wa fundi. Fundi anasema niseme kwamba alimtoa kwa hiari. Haya, kwa hiari.

Bwana Sampuli ameondoka na vile vikapu viwili. Meli yake imemngoja wiki mbili.

Sikuulizi kwa nini vanila haimo. Nakuuliza kwa nini unanyamaza. Mimi nilishakwambia kosa langu la tupo tu, nawe uliniambia lako la sifuri, hayo yameisha, hayana mtu. Hili la kunyamaza ni jipya, na hili sijalisamehe.

Shangazi yako

*

Tarehe 12 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nipo, mzima, na naomba radhi. Kila nilipoanza barua niliona naandika habari za kushindwa, nikaichana.

Karatasi yenu niliiweka mezani. Niliyasoma majina yote arobaini na moja kwa sauti, na Mkubwa akinivuta shati chini ya meza. Upande wa pili walinong'ona, wakasema sawa, iandikwe. Iliandikwa, Shangazi. Vanila ilikaa kwenye orodha siku mbili. Usiku wa kufunga wakasema wataipokea, lakini tupunguze leseni za meli za uvuvi tunazozitaka kwao. Mkubwa akachagua meli. Akanipa ukurasa na kalamu, akasema, "Wewe ndiye uliyeiweka, wewe uiondoe." Nikamwambia siiondoi. Akauliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia. Akaikata mwenyewe, mstari mmoja, na kalamu yake ya kusainia.

Tangu siku hiyo nimehamishiwa chumba cha vifaa, hapa hapa ubalozini kwetu. Nahesabu rimu za karatasi. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nimewaangusha bure.

Halafu ikaja barua yako ya mzani mtupu, na baada ya siku tatu mambo yakaanza kusogea hapa. Viwanda vyao vya biskuti na aiskrimu vilishapanga kazi kwa vanila mbichi ya kwetu, mashine zimeshasimikwa, na hakuna kilichofika ila vikapu viwili. Wameandikia serikali yao, serikali yao imeandikia yetu. Mkataba una kipengele kinachoruhusu orodha kufunguliwa upya pande zote mbili zikikubali, na mwezi wa Oktoba wanataka wakutane.

Jana Mkubwa alishuka chumba cha vifaa. Hajawahi kushuka. Alisimama katikati ya rimu akaniuliza, "Hawa wanawake, nani anawaongoza?" Nikamwambia hawaongozwi. Akasema basi watume mwakilishi mmoja, anayejua kusoma, watamkatia tiketi ya ndege na hoteli. Na mpaka siku hiyo, kama ishara ya nia njema, muuze japo nusu ya mbichi iliyobaki.

Ameniagiza niwaandikie. Nimeandika. Sitakwambia mjibu nini.

Mwanao

*

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu Keki,

Mimi mzima, na wewe naona umepona, maana barua hii imeandikwa na mtu mwenye uti wa mgongo. Umekonda? Waulize hao wenye hoteli wakupe chakula.

Fundi aliposoma pale pa "siiondoi," banda zima lilisimama. Mapengo alitaka kupiga kigelegele, nikamwambia ahifadhi pumzi, daktari amesema. Akapiga.

Sasa jibu, na umpelekee Mkubwa hivi hivi bila kulipaka mafuta.

Mbichi hakuna. Ganda la mwisho limeingia kwenye maji Jumanne. Nusu wanayoitaka iko kwenye blanketi inatoka jasho. Tuna masanduku kumi na tisa yaliyofungwa, na mengine saba yanakuja.

Mwakilishi hatumtumi. Tumelizungumza jambo hili siku mbili, maana wapo waliotamani ndege, na mimi mmojawapo, sitakudanganya, nilitaka kuona mawingu kwa juu. Lakini mtu mmoja kwenye chumba cha watu hamsini atapewa chai, atapigwa picha, ataambiwa mama mambo haya ni ya kitaalamu, na atarudi na kalamu na mkoba. Na kwa nini awe anayejua kusoma? Wanaojua kusoma walikuwa kumi na wawili mle ndani, na tumeona. Wanaojua vanila ndio hawakuwemo.

Waje wao. Wiki ya pili ya Oktoba tutakuwa tunapanga masanduku, kila ganda linapita mkononi, hatuna nafasi ya kusimama. Watatukuta bandani. Watakaa kwenye benchi kama mtu mwingine yeyote, wasiletewe viti. Atakayetaka kusema atasema huku anapapasa maganda, na tutamwonyesha namna ya kupapasa. Akilivunja ganda, la kwake, alipeleke nyumbani.

Mkataba wausome kwa sauti, kwa lugha yetu, kuanzia juu mpaka chini. Wote, siyo ule ukurasa wa vanila peke yake, hata hizo meli tunataka kuzisikia, maana waume zetu wanavua. Wakifika kwenye neno ambalo mmoja wetu hakulielewa, wanasimama, wanaeleza, wanarudia. Hata kama ni Mapengo, na Mapengo ameshaapa hataelewa kitu haraka. Tukimaliza, kama vanila iliyokaushwa imo kwenye orodha bila ushuru, wataondoka na masanduku. Kama haimo, wataondoka na harufu kwenye nguo, na hiyo ni bure, hatutawatoza.

Mwambie Mkubwa kwamba nasema kwa heshima. Fundi ameuliza kama aandike "kwa heshima na taadhima." Heshima inatosha.

Wewe najua ndiye utakayewaleta, hawamjui mtu mwingine wa kuwaonyesha njia. Watakushusha kwenye gari la mbele, umevaa viatu vya kazini, na watategemea ukae upande wao umtafsirie kila mtu. Tafsiri, ni kazi yako, uifanye vizuri. Lakini usikae upande wao wa benchi. Nafasi yako ni kati yangu na Mapengo, tumekubaliana hivyo, yeye ndiye aliyesema kwanza. Nyinyi wawili mna la kuzungumza, wote mlinyamaza kwa aibu.

Uje na nguo za kazi.

Shangazi yako